Jina Chini ya Sahani

Mimi ukinikaribisha chakula kwako, kabla sijasema bismillahi nageuza sahani. Najua si adabu. Siku ya harusi ya mwanangu Ismail niligeuza bakuli la wakwe, nikasahau kwamba lina mchuzi, na mpaka leo kuna watu upande wa bibi harusi, Badria, wakiniona wanashika vyombo vyao kwa mikono miwili. Lakini nifanyeje? Miaka ishirini na sita nauza vyombo vya mtumba hapa Msimbazi, na chombo hakisemi kweli kwa mbele. Kwa mbele kila chombo kinajisifu. Kweli iko chini.

Vyangu mimi ni vya Kijerumani. Wenzangu wakifungua maboksi wanatafuta seti za chai za maua. Mimi natafuta vile vizito vya udongo, vya kahawia na chungwa, vyenye rangi nene utadhani uji umechemka ukamwagikia ubavuni. Natafuta na zile sahani za ukutani, ambazo hazikutengenezwa za kulia chakula, zilitengenezwa zitazamwe, na nyuma zina matundu mawili ya kupitishia waya. Ukinipa moja nakugeuzia nakusomea: hapa namba ya umbo, hapa W. Germany, maana yake ni ya zamani kabla nchi yao haijaungana, hapa neno refu linalosema imechorwa kwa mkono. Na pembeni, ukibahatika, vijiherufi vya mtu aliyeshika brashi. Hivyo ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Mtu alikaa kiwandani huko maisha yake yote, hakuna anayemjua, kilichobaki ni vijiherufi viwili chini ya sahani.

Na sisi huku Kariakoo tunatia alama vilevile, tusidhani ni Wajerumani peke yao. Vyombo vyetu vinazunguka. Leo viko kwangu, kesho viko msibani, keshokutwa viko kwenye arusi ya jirani, usipotia alama utarudishiwa vya plastiki. Mimi alama yangu ni doa la rangi ya kucha, nyekundu. Wengine wanaandika jina. Na ndani ya nyumba yangu kuna sheria moja, ambayo Badria, mke wa Ismail, nilimwambia siku ya kwanza aliyotia mguu: chombo kisicho chetu hakilali humu ndani. Kirudishwe siku ileile kwa mwenyewe, na kisirudi kitupu. Kumbuka sheria hiyo, maana ndiyo iliyonitia matatani.

Sasa, Jumatano aliingia dukani mama mmoja mtu mzima sana, kichwa cheupe chote, amekumbatia kifurushi cha kitenge kifuani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Mama Ismail unayejua sahani za Wajerumani?”

Jina lake Bi Celina, wa Machame, amefikia kwa binti yake Vicky. Alifungua kitenge polepole, tabaka baada ya tabaka, ndani ikatoka sahani ya ukutani ya duara, ya kahawia, katikati ndege wa buluu mwenye mkia mrefu.

“Marehemu mume wangu, Heriel, alipelekwa Ujerumani mwaka sitini na saba,” akasema. “Kujifunza kazi kwenye kiwanda cha vyombo. Alikaa miaka mitatu. Akarudi na hii. Akaniambia, Celina, hii nimeichora mimi.”

“Mashaallah.”

“Usiseme mashaallah. Mimi nilimcheka.” Aliketi kwenye boksi bila kukaribishwa. “Shemeji yangu Elieshi alisema huyo huko alikuwa anafagia tu, Mzungu gani atampa brashi. Na mimi nikamwamini Elieshi. Krismasi, ndugu wote wako mezani, nikasema kwa sauti: jamani, nimeolewa na mwongo wa sahani. Watu wakacheka mpaka machozi. Basi jina likamganda. Mwongo wa Sahani. Watoto wadogo njiani, Mwongo wa Sahani. Mpaka kwenye msiba wake mwenyewe, miaka minne iliyopita, nilimsikia mtu akilitaja nje ya turubai.”

Nikasogeza boksi langu karibu yake.

“Kesho yake baada ya ile Krismasi aliishusha ukutani, akaenda nayo uani. Aliporudi alikuwa ameibandika kitambaa nyuma. Nikamuuliza, akasema waya umekatika. Hakuizungumzia tena, na hakuchora tena hata kijiti.” Akanitazama moja kwa moja. “Jumapili naondoka kwenda Machame, na huku sirudi, mwili umechoka. Nataka uniambie. Kama aliichora, naenda nayo, naitundika sebuleni, na wote waliocheka nitawaita waje waitazame. Kama aliinunua, ibaki hapa kwako. Sitaki kuiona tena.”

Niligeuza. Namba ipo. W. Germany ipo. Neno la kuchorwa kwa mkono lipo. Lakini pale pembeni, mahali pa vijiherufi, ndipo palipobandikwa kitambaa, kwa gundi ya mbao iliyokauka ikawa ngumu kama gome. Na nikwambie ukweli wangu: yule ndege nilishawahi kumwona mara tatu, kwenye sahani tatu tofauti. Ni ndege wa kiwandani. Moyoni nikasema, mama, mzee wako alipita dukani siku ya mwisho akanunua zawadi. Nilikaribia kumwambia. Ila alikuwa bado amekikumbatia kile kitenge kitupu kifuani, nikaumeza ulimi wangu.

“Nipe mpaka Jumamosi saa saba,” nikasema. “Kitambaa hiki hakivutwi, kikivutwa kinaweza kutoka na kilicho chini yake. Nitakiloweka. Njoo nyumbani, Mtaa wa Sikukuu, ile nyumba ya chini iliyobanwa na maghorofa, kila mtu ananijua.”

Ijumaa jioni nikaweka maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kwenye beseni la bluu, jikoni uani, nikaizamisha sahani kifudifudi. Alfajiri ya Jumamosi nikapigiwa simu kwamba kuna maboksi mapya yamefunguliwa Ilala, nikatoka mbio kabla nyumba haijaamka. Sikumwambia mtu kitu. Nani huacha maagizo kwa ajili ya beseni?

Saa nne na nusu nikarudi. Beseni lilikuwa limeoshwa, limeegemezwa ukutani, kavu.

“Badria!”

Akatoka chumbani na ufagio. Badria ni mtoto mzuri, simsemi vibaya, lakini akizungumza ni kama mtu anayeshuka ngazi za ghorofa ya kumi, moja moja, na mimi sina subira ya ngazi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, sahani iliyokuwa kwenye beseni iko wapi?”

“Nimemrudishia mwenyewe.”

Nikapumua kwa nafuu. “Bi Celina amekuja? Mapema hivi?”

“Bi Celina yupi, mama? Nimempelekea Mama Heri. Maana asubuhi nilipo—”

“Mama Heri! Mama Heri inamhusu nini?”

“Ngoja mama nikuambie, nilipoingia jikoni niliku—”

“Utaniambia nikirudi! Lo! Huna hata macho, unachukua amana ya watu unamgawia mpishi! Sahani ya ukutani unampelekea mpishi!”

Nikatoka na kanga yangu begani nusu inaburuta. Huku nyuma nilimsikia bado anasema kitu, taratibu, ngazi moja moja. Sikugeuka.

Mama Heri ni jirani yangu ng'ambo ya barabara, mpishi wa shughuli. Kama kuna arusi au hitima kuanzia hapa mpaka Buguruni, basi sufuria ni zake. Ana sahani zaidi ya mia mbili, na jina la mwanawe mkubwa, Heri, limeandikwa chini ya kila moja. Mtu kama huyo ukimpa sahani, anafanya nini nayo? Anapakulia. Na ikishaliwa, inasuguliwa na stilwaya.

Nikabisha mlango mara mbili, kimya. Kitwana fundi viatu, anayekaa kibarazani pale, akainua kichwa.

“Mambo, Mama Ismail? Mbona jasho?”

“Mama Heri yuko wapi?”

“Katoka saa nne na robo, guta mbili zimebeba vyombo vyote. Arusi ya mtoto wa mzee Abubakary, Ilala.”

Ilala kulekule nilikotoka! Nilitamani kukaa chini pale kibarazani nilie. Badala yake nikaita bajaji. Tulipofika Msimbazi barabara imefunga, malori yanashusha mizigo, mikokoteni imekatiza katikati, dereva kazima injini anatafuna karanga. Nilishuka nikatembea. Nilikuwa nahesabu kichwani: saa tano na robo sasa, saa saba yule mama anabisha hodi. Nitamwambia nini? Mama, ile kweli uliyokuja kuitafuta baada ya miaka hamsini, imeliwa na pilau? Niliogopa. Sitaki kujitia ushujaa. Maana kitambaa kikishalainika, mtu akisugua kwa nguvu, kama herufi zilipakwa tu juu juu, zinaondoka. Ingebaki sahani nyeupe nyuma, na hakuna binadamu chini ya jua ambaye angeweza kusema tena kama Heriel alikuwa mkweli au mwongo. Na ingekuwa mimi niliyemfanya abaki mwongo.

Nikamkuta Mama Heri chini ya turubai, mwiko mkononi, moshi, wanawake ishirini. Pembeni mabeseni matatu makubwa ya sahani. Sikusalimia mtu. Nikachuchumaa nikaanza kugeuza. Heri. Heri. Doa la kijani, la mtu mwingine. Heri. Heri. Heri. Nilikuwa nasoma neno lile huku akili haiko hapo kabisa, natafuta buluu, natafuta mkia wa ndege. Beseni la kwanza hakuna. La pili hakuna. Mama mmoja alikuwa ameshaketi na wali wake, nikainamia sahani yake kuchungulia chini.

“Wewe vipi!” akasema.

“Mama Ismail!” Mama Heri akapiga mwiko kwenye sufuria. “Unanikagua mbele ya watu? Nimekuibia?”

“Sahani ya ndege, shoga yangu! Iko wapi? Aliyokuletea Badria asubuhi!”

“Aaa, ile.” Akacheka. “Ile si yangu bwana. Nilipoiona tu nikasema mtoto wa watu kachanganya. Sahani gani ina matundu? Ukitia mchuzi si unaishia mapajani?”

“Iko wapi, nakuuliza!”

“Iko kwako! Mkweo aliileta na vitumbua, sasa mimi niirudishe tupu, nimekuwa nani? Nilipakua pilau ya nyumbani, nikamwambia mpangaji wangu Matilda akitoka kuoga aivushe barabara. Hajaivusha?”

Alikuwa anaoga! Mimi nabisha, Matilda yuko bafuni anajimwagia maji, na sahani iko ndani, hatua sita kutoka miguuni pangu. Sikumuaga mtu. Mama Heri aliniitia nyuma nichukue chakula, na wanawake wakaangua kicheko, na wana haki.

Nyumbani nilifika saa saba na robo, kanga imeloa, pumzi sina. Pale ukumbini, kwenye kiti changu, alikuwa ameketi Bi Celina amevaa gauni la kanisani. Kitenge kitupu kimekunjwa vizuri kando yake, tayari kwa kufungia. Mapajani ameshika sahani ya pilau, anakula na kijiko.

“Karibu kwako, Mama Ismail,” akasema. “Nilifika mapema. Mkweo amenikirimu, hakutaka nikae na njaa.”

Badria alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, amefurahi. Mgeni amekuja, chakula kilikuwa kimeshaletwa kutoka kwa jirani, akampa mgeni. Mtoto aliyelelewa vizuri angefanya nini kingine? Mimi nilikuwa natazama ukingo wa sahani. Ulikuwa wa kahawia.

Kijiko kikaenda, kikarudi, na palipotoka wali pakatokea ncha ya mkia wa buluu. Bi Celina akasimamisha kijiko. Akausogeza wali kidogo kando. Akausogeza tena. Bawa likatoka, kisha jicho.

“Mama Ismail,” akasema kwa sauti ndogo. “Huyu si ndege wangu?”

“Ndiye, mama.”

“Mmempakulia pilau?”

Basi nikapasuka. Nikamgeukia Badria, nikamwambia maneno ambayo leo nikiyakumbuka naona haya: kwamba hana akili, kwamba amenitia aibu, kwamba mwongo mkubwa, ananiambia amemrudishia mwenyewe na mwenyewe ndiye huyu yuko hapa anakula juu yake. Badria akaweka jagi chini. Macho yalikuwa yamejaa machozi lakini hakuinua sauti.

“Mama, asubuhi ulinikatiza mara mbili. Leo naomba unisikilize mpaka mwisho.” Nikaketi kwenye mkeka nikamsikiliza. “Niliikuta kwenye maji, na kitambaa kimebanduka kinaelea. Sikuisugua, niliisuuza tu. Nikaigeuza, kama unavyofanya wewe. Nikaona ina jina chini. Na ulisema mwenyewe chombo kisicho chetu kisilale humu. Nikaweka vitumbua vitano, nikampelekea mwenye jina.”

“Jina gani?”

“Heri. Maandishi madogo, si kama yale makubwa ya Mama Heri. Nikadhani ni katika vyombo vyake vya zamani.”

Kijiko cha Bi Celina kikaanguka sakafuni.

Hakuna aliyekiokota. Nikaichukua sahani mapajani mwake, nikahamishia pilau kwenye sinia, punje kwa punje hivi. Nikaifuta mafuta kwa pembe ya kanga. Nikaigeuza, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

Pale kitambaa kilipokuwa, chini ya namba, kulikuwa na neno moja la mwandiko wa mkono, limelala kidogo upande kama linakimbia: Heri. Buluu yake ilikuwa ileile ya mkia wa ndege. Nikapitisha ukucha juu yake, kwenda na kurudi. Ukucha haukukwama popote. Neno lilikuwa chini ya ule mng'ao wa kioo, limechomwa tanuruni siku moja na ndege. Kwa kalamu mtu anaweza kuandika popote, hata Machame, hata jana. Chini ya kioo anaandika yule tu aliyekuwa na brashi kabla sahani haijaingia motoni; ndege wa kiwandani huchorwa na mikono mingi, na huyu mkono ulikuwa wake.

“Mama,” nikasema, “kule kiwandani walimwitaje?”

“Sijui walimwitaje. Watu wote walimwita Heriel.” Alikuwa amejishika shavu. “Heri nilikuwa namwita mimi. Mimi peke yangu, tukiwa wawili.”

“Basi ameichora yeye, mama. Naapa. Hakuna Mjerumani anayeandika Heri. Ameichora yeye, na amekuandikia jina unalomwita wewe.”

Nilitegemea afurahi. Si ndiyo aliyoitaka? Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka kwa kupona, nimemshika Badria bega. Bi Celina akanyoosha mikono nikampa sahani, akaishika kifudifudi, akagusa lile neno kwa kidole.

“Angeigeuza tu akanionyesha,” akasema. “Ilikuwa ukutani pangu, mwaka mzima. Alitaka nimwamini bila kugeuza sahani. Na nilipomcheka, akalifunika.”

Badria akapiga magoti, akamshika miguu. Nje mikokoteni ilikuwa inapita na watu wanapiga kelele za kuomba njia.

“Heri,” akasema Bi Celina.

Nilidhani anamwita mumewe. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusema.

“Heri angekuwa mwongo, Mama Ismail. Mwongo nilishamsamehe zamani. Sasa mimi anisamehe nani?”

Nikachukua kile kitenge, nikakikunjua juu ya meza, tabaka baada ya tabaka, nikangoja mpaka alipokuwa tayari kuiachia.